Himoglobini ya Selimundu Mbele ya Macho ya Mgonjwa

Mzazi aambiwapo kwamba mwanawe ana selimundu, huuliza: ni kitu gani hasa kilichoharibika katika damu yake? Kwa miaka mingi jibu letu limekuwa mchoro wa seli iliyopinda kama mundu. Siku hizi twaweza kumwonyesha molekuli yenyewe, kwenye simu au kompyuta yenye intaneti, bila kupakua programu wala kulipa ada.

Molekuli hiyo imo katika Protein Data Bank, hazina ya maumbo ya protini iliyoanza mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7, na leo ina zaidi ya 200,000. Andika 2HBS katika sehemu ya kutafutia, kisha fungua mwonekano wa pande tatu. Zana iitwayo Mol* itachora ndani ya kivinjari molekuli mbili za himoglobini ya selimundu zilizoshikana. Waweza kuzizungusha kwa kidole, kuzikuza, kubadili rangi, kuficha sehemu usizozihitaji na kupima umbali baina ya atomi.

Itafute asidi amino ya 6 katika mnyororo wa beta. Mwaka 1957 Vernon Ingram alieleza kwamba mahali hapo asidi ya glutamiki, ipendayo maji, imebadilishwa na valini, iyakwepayo maji. Ni badiliko moja katika mnyororo wa asidi amino 146. Himoglobini itoapo oksijeni, valini hiyo hujipachika katika kishimo cha molekuli jirani. Jirani hushika jirani, nyuzi ngumu hujengeka, seli hupinda na kuziba mishipa midogo, na maumivu huanza. Hapo pia faida ya haidroksiyurea hueleweka: dawa hiyo huongeza himoglobini ya mtoto aliye tumboni, ambayo huzuia nyuzi hizo zisijengeke.

Tahadhari ni mbili. Rangi hizo zimechaguliwa ili kurahisisha kuona. Si rangi za damu. Tena, umbo hilo lilipatikana maabara kwa kupitisha eksirei katika fuwele; halichukui nafasi ya kipimo cha mgonjwa aliye mbele yako.

Hata hivyo, mama aliyeambiwa na majirani kwamba mwanawe amerogwa, au kwamba kosa ni lake peke yake, akioneshwa kishimo kile atatambua jambo kubwa. Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na kwa mama pia, na chanzo chake chaonekana.