Je, Mvunguni Mna Kitu?

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aghalabu methali hii huambiwa mwanafunzi aliyeshindwa na kazi ya darasani. Ni nadra sana kwetu kuuliza kwanza kama mle mvunguni mna kitu. Upo mchezo mmoja wa nambari unaotulazimisha kuuliza, nami ningependa walimu na wanafunzi wa Junju, kule Kilifi Kusini, wautie maanani.

Mchezo wenyewe hauhitaji fedha. Chora mraba wenye vyumba tisa juu ya kadibodi, safu tatu za vyumba vitatu. Chukua vifuniko vinane vya soda, uviandike nambari 1 hadi 8, kisha uvitie vyumbani ovyo, chumba kimoja kibaki wazi. Kazi ya mchezaji ni kuvisogeza kimoja kimoja katika nafasi iliyo wazi, bila kuviinua, hadi nambari zifuatane na chumba cha mwisho kiwe ndicho kitupu.

Mchezo mkubwa wa aina hii una vigae 15. Ulibuniwa katika miaka ya 1870 na Noyes Chapman, msimamizi wa posta wa mji wa Canastota, jimbo la New York, na kufikia 1880 ulikuwa umevuma Marekani na Ulaya. Watu walikesha wakihangaika na mpango ambao 14 na 15 tu ndizo zilizopishana. Baadaye Sam Loyd, aliyedai kuwa yeye ndiye mbunifu, aliahidi dola 1,000 kwa atakayefaulu. Fedha zake zilikuwa salama: tangu 1879, wanahisabati William Johnson na William Story walikuwa wamekwisha kuthibitisha kwamba jambo hilo haliwezekani.

Sababu yake mwanafunzi yeyote anaweza kuifuata kwa vifuniko vyake vinane. Zisome nambari kuanzia safu ya juu, kushoto kwenda kulia. Hesabu jozi ambazo nambari kubwa imeitangulia ndogo. Kifuniko kikisogezwa kando, mfuatano haubadiliki. Kikisogezwa juu au chini, kinazipita nambari mbili. Hivyo idadi ya jozi hizo huongezeka kwa mbili, hupungua kwa mbili, au husalia vilevile. Idadi iliyoanza ikiwa witiri itabaki witiri daima, ilhali mpango tunaoutafuta una jozi sifuri, nayo ni shufwa. Mathalan, 1 2 3 4 5 6 8 7 una jozi moja tu iliyopinduka, na hautatatulika hata mtoto akeshe mwaka mzima.

Hapo ndipo penye jambo zito. Mipango yote ya vifuniko hivi ni 362,880, na nusu yake kamili, 181,440, haina ufumbuzi. Mwalimu asiyejua hili akiwapangia ovyo wanafunzi 40, takriban 20 watakuwa wamepewa kazi isiyowezekana. Atawasifu wenzao kwa werevu, na hao atawaita wavivu. Lililo baya zaidi ni kwamba watamwamini.

Dawa ni rahisi. Anza na nambari zilizofuatana, kisha uzivuruge kwa kuzisogeza tu. Njia iliyokwenda ndiyo itakayorudi. Mpango wowote utokanao na hapo hutatuliwa kwa hatua zisizozidi 31, mradi mchezaji aijue njia fupi kuliko zote. Anayejifunza na akamilishe safu ya juu kwanza, kisha safu wima ya kushoto, na vitatu vilivyosalia avizungushe.

Hata hivyo, mpango usiowezekana usitupwe. Mwalimu na autoe siku moja makusudi, awaulize wanafunzi kama una jibu, na atakayeonyesha kwa hesabu kwamba hauna apewe alama zote. Huyo ameinama, akachungulia, akaleta habari ya kweli.

Nasi walimu tujichunguze nje ya mchezo. Zoezi linalohitaji kitabu ambacho mtoto hana nyumbani, au taa isiyokuwapo, ni vifuniko vilivyopangwa vibaya tangu mwanzo. Kabla ya kuinua sauti, au kuandika neno “mzembe” katika ripoti ya mtoto, tuhesabu jozi zetu sisi wenyewe.