Saruji Si Dawa ya Ukuta wa Kale

Hapana. Jibu langu ni lile lile, hata swali lije na picha mpya kila mara: kanisa la zamani la kijijini lina ukungu ukutani, je, lipigwe lipu ya saruji maji yasiingie?

Tazama kanisa la Kilpeck, Herefordshire, Uingereza, lililojengwa yapata mwaka 1140 kwa mtindo wa Kiromaneski. Wageni husifu vichwa vya wanyama vilivyochongwa chini ya paa, ukuta wenyewe wakaupita. Kuta za enzi hizo kwa kawaida ni tabaka mbili za mawe, katikati kifusi kilichoshikwa kwa chokaa. Hulowa mvua ikinyesha, hukauka upepo ukivuma. Unyevu hutokea kwenye maungio, maana chokaa ina vinyweleo.

Saruji ya Portland ilipata hataza mwaka 1824. Ni ngumu, haipitishi maji kirahisi, na hapo ndipo watu hushangilia. Wanashangilia nini? Jengo kuukuu husogea kidogo kidogo, saruji hainyumbuki, basi hupasuka nyufa nyembamba. Mvua huingia humo ikakosa pa kutokea. Chumvi iliyomo hugeuka chembe ngumu na kubabua jiwe. Majira ya baridi maji huganda, hutanuka, yakamega uso wake. Mwishowe maungio ya saruji yamesimama imara na jiwe kati yake limelika. Na fundi anaitwa tena, aongeze saruji! Zile dawa za kopo za kupaka ukuta usipenye maji ni kosa hilo hilo, ila zina bei kubwa zaidi. Kinachonikera ni kuulizwa haya na watu wa Lamu na Unguja, waliozaliwa ndani ya nyumba za matumbawe na chokaa.

Cha kufanya: safisha kwanza mifereji ya paa, mara nyingi tatizo limo humo. Punguza udongo uliopanda ukutani, ila kwenye makaburi mwite mwanaakiolojia kabla ya jembe. Ng'oa saruji kwa patasi, si kwa mashine; iking'ang'ania jiwe, iache. Jaza maungio kwa chokaa iliyo laini kuliko jiwe, funika kwa magunia yaliyoloweshwa, usifanye kazi hiyo wakati wa barafu. Rangi ya plastiki, marufuku. Na kama kanisa ni la Kianglikana huko Uingereza, matengenezo ya namna hii yanataka kibali cha dayosisi kabla fundi hajashika patasi.