Zamu Mwenye Ufunguo wa Kila Mtu



Huku Ruziba, kusini mwa Bujumbura kwenye barabara ya Rumonge, mtu akipata faranga kidogo hujenga ukuta, huweka lango la chuma, na mwenye uwezo huajiri zamu. Hakuna atakayenunua kufuli akiambiwa ya kwamba ufunguo wake unafungua kufuli zote zilizouzwa sokoni. Lakini kwa miaka mingi hivyo ndivyo tulivyouziwa visanduku vya intaneti, vile vyenye taa ndogo ambavyo wengine huviita ruta na wengine modemu.

Jambo hili linatuhusu. Wenzetu wa ua mmoja huchanga fedha na kutumia kisanduku kimoja. Humo hupita mazungumzo ya chama, majina ya wanachama, habari za mshahara na za shule za watoto. Ukiuliza nani anakitunza, kila mtu humtazama jirani yake.

Yafaa tujue ya kwamba kisanduku si waya na taa tu. Ni kompyuta ndogo, na ndani yake mna programu iliyowekwa kiwandani. Programu huandikwa na watu, nayo huwa na kasoro. Simu ikiwa na kasoro hukuletea ujumbe kwamba kuna marekebisho. Kisanduku hakina kioo cha kukuambia kitu. Hukaa juu ya kabati miaka saba na programu ile ile ya siku ya kwanza.

Mwaka 2016 vijana watatu wa Marekani walitengeneza programu ya wizi iliyoitwa Mirai. Haikuhitaji elimu kubwa. Ilizunguka dunia nzima ikibisha hodi kwenye visanduku na kamera, ikijaribu maneno ya siri kama 60 hivi yaliyowekwa viwandani, kama vile "admin" na "1234". Palipofunguka, iliingia na kukitumikisha chombo cha watu bila mwenyewe kujua. Vyombo hivyo vikaamriwa kuzishambulia kompyuta nyingine zote kwa mara moja. Huo ni utumishi usio na mshahara, na umeme unalipa wewe.

Afrika nayo haikupona. Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, alilipwa na mtu wa kampuni shindani ili aishambulie Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, akatumia jeshi la vyombo vya namna hiyo. Novemba 2016 mashambulizi yake yaliivuruga intaneti ya nchi ile. Mwezi huo huo, alipokuwa akitafuta visanduku vingine vya kuteka, wateja kama 900,000 wa Deutsche Telekom huko Ujerumani walikatikiwa. Januari 2019 mahakama ya London ilimfunga miaka miwili na miezi minane. Tazameni: matajiri wawili wanagombana, na silaha yao ni vyombo vya nyumbani mwa watu wasiojua lolote.

Brazil ilikuwa mbaya zaidi kwa mfuko wa mnyonge. Mwaka 2011 na 2012 modemu milioni 4.5 ziliingiliwa kwa kasoro ya programu. Wezi walibadilisha humo kitabu cha anwani, yaani mahali ambapo kisanduku huuliza njia. Mtu aliandika jina sahihi la benki yake, akapelekwa kwenye ukurasa wa bandia, akatoa siri zake mwenyewe. (Anayetuma fedha kwa simu akitumia nambari zinazoanza na nyota, hizo hupita kwenye mnara wa simu, si kwenye kisanduku.) Simu ikikuonya kwamba ukurasa si salama, usibonyeze kuendelea.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo. Mirai hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, kwa hiyo umeme ukikatika inafukuzwa. Sisi wa Bujumbura tungejiona tumebarikiwa! Lakini neno la siri likiwa ni lile la kiwandani, hurudi baada ya dakika chache. Na ile ya mwaka 2018 iitwayo VPNFilter, iliyoingia visanduku visivyopungua 500,000 katika nchi 54, sehemu yake ilibaki hata baada ya kuzima na kuwasha.

Je, kosa ni la mfanyakazi? Hatukubali. Mwenye kiwanda ndiye aliyeweka neno moja kwenye maelfu ya vyombo ili apunguze gharama. Uingereza imelikataza hilo kwa sheria tangu tarehe 29 Aprili 2024, na muuzaji lazima aseme marekebisho yatatolewa mpaka lini. Kile kinachokatazwa huko kisiletwe kwetu kwa bei ya chini. Tunataka wauzaji wa intaneti hapa nchini wabanwe vivyo hivyo, na hoja hii tutaipeleka mbele.

Kwa sasa, badilisheni neno la siri la kisanduku chenyewe, ambalo ni tofauti na lile la waifai. Zimeni ruhusa ya kukiongoza kutoka nje. Tafuteni marekebisho ya programu. Kisanduku kikuukuu ambacho mtengenezaji ameacha kukirekebisha msikinunue hata kwa bei ya ndagala.

Asiyeweza akilete ofisini kwa chama pamoja na waya wake wa umeme, naye awepo mwenyewe, maana neno jipya atalichagua yeye.