Mashaka kuhusu kampuni za mafuta na nishati mbadala

Mashaka kuhusu kampuni za mafuta na nishati mbadala ni hali ya watu wengi kutoamini kwamba kampuni zinazochimba mafuta na gesi zina nia ya kweli ya kuhamia kwenye umeme wa jua, upepo na vyanzo vingine visivyochafua hewa. Wenye shaka hawakatai kwamba mitambo ya upepo inajengwa. Wanachouliza ni kiasi gani cha fedha kinakwenda huko, na kwa muda gani.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni BP ya Uingereza. Mwaka 1997 mkurugenzi wake mkuu, John Browne, alisema katika hotuba kwenye Chuo Kikuu cha Stanford kwamba hatari ya mabadiliko ya tabianchi haiwezi kupuuzwa. Mwaka 2000 kampuni ilichukua nembo mpya, jua la kijani na manjano, pamoja na kaulimbiu "Beyond Petroleum", yaani "kupita petroli". Mwaka 2005 iliahidi kutumia dola bilioni 8 kwa nishati mbadala katika miaka 10. Kiasi hicho ni kikubwa kikisomwa peke yake, lakini ni wastani wa milioni 800 kwa mwaka, wakati uwekezaji wote wa BP ulizidi bilioni 10 kila mwaka.

Mwaka 2010 mtambo wa Deepwater Horizon, uliokuwa ukichimba kisima cha BP katika Ghuba ya Meksiko, ulilipuka. Wafanyakazi 11 walikufa, na mafuta yalimwagika baharini kwa siku 87. Mwishoni mwa 2011 BP ilitangaza kuacha biashara ya umeme wa jua kwa kuwa haikuwa na faida tena, maana bei ya paneli ilikuwa imeshuka sana.

Mambo yalijirudia. Mwaka 2020 BP iliahidi kupunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 kufikia 2030. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei na faida, lengo hilo lilishushwa mwaka 2023 kuwa asilimia 25. Mwaka 2025 liliachwa kabisa, na fedha za mafuta na gesi zikaongezwa hadi takriban dola bilioni 10 kwa mwaka.

Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2022 sekta ya mafuta na gesi ilipeleka kwenye nishati safi asilimia 2.5 tu ya uwekezaji wake.

Katika Afrika ya Mashariki mjadala huu unaihusu TotalEnergies ya Ufaransa. Mwaka 2021 ilibadilisha jina kutoka Total ili kuonyesha kwamba inashughulika na nishati za aina nyingi, nayo ndiyo mwenye hisa nyingi zaidi katika bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, Tanzania.

Kampuni zenyewe hujibu kwamba dunia bado inahitaji mafuta na kwamba wenye hisa wanadai faida. Hata hivyo kuna iliyobadilika kweli: DONG ya Denmark, ambayo sehemu kubwa ya hisa zake inamilikiwa na serikali, iliuza visima vyake vya mafuta na gesi mwaka 2017, ikajiita Ørsted na kubaki hasa na mitambo ya upepo baharini.