Seva Tatu, Tundu Moja

Wiki hii nimeulizwa tena: "Tukiweka seva tatu badala ya moja, mdukuzi si atashindwa?" Hashindwi. Wanaouliza ni wasomi, mara nyingi wakuu wa vitengo waliokwisha kuletewa bei na muuzaji, na hilo ndilo linalonichosha.

Seva za ziada zinakukinga diski ikifa. Diski inayokufa haina nia mbaya, mdukuzi anayo. Seva tatu zenye programu ile ile, toleo lile lile na nywila moja ya msimamizi ni kufuli tatu za ufunguo mmoja. Zikiwa zinanakiliana papo hapo ndiyo umemrahisishia kazi: akifuta rekodi huku, na kule inafutika.

Waulize Maersk, kampuni ya meli. Seva zake za kutambua watumiaji, karibu 150, zilinakiliana na kutegemewa kuwa akiba ya kila mwenzake. Juni 2017 kirusi NotPetya kilizifuta zote isipokuwa moja, ya Ghana. Iliponaje? Umeme ulikuwa umekatika, kirusi hakikuikuta hewani. Si ustadi wa mhandisi yeyote.

Hapo mjanja hudakia: basi zipige kura, wengi wape. Haya, seva ya kwanza imetekwa. Inaiambia ya pili "malipo yamekubaliwa", ya tatu inaiambia "yamekataliwa". Hizo mbili zikiulizana, kila moja inasikia kauli zinazopingana, isijue mwongo ni nani. Wanasayansi wa kompyuta Lamport, Shostak na Pease walithibitisha mwaka 1982 kwamba kwa ujumbe usio na sahihi ya kidijitali, tatu hazitoshi kumvumilia mwongo mmoja. Zinatakiwa nne, kwa waongo wawili, saba. Wenzao Castro na Liskov walionyesha mwaka 1999 kuwa mfumo wa namna hiyo unaweza kwenda kwa kasi inayofaa kazini. Lakini hata hizo nne zikiwa na tundu moja, zitatekwa zote kwa pigo moja, na kura itakuwa ya mdukuzi.

Cha kufanya, basi. Changanya mifumo endeshi. Kila seva na nywila yake. Nakala moja ikae nje ya mtandao, na mjaribu kuirejesha kabla ya siku ya balaa. Ufunguo mkuu ugawanywe vipande kwa njia ya mtaalamu wa usimbaji Shamir ya 1979, mtu mmoja asiweze kuutoa peke yake. Seva zifutwe na kuwekwa upya kwa zamu, hata kama hamjaona dalili yoyote. Mengi ya haya hayahitaji kununua seva hata moja.