Kupima Moyo na Mapafu ya Mwanamichezo

Kaa kimya kwa muda mfupi. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba, nawe utahisi mshipa ukipiga. Hesabu mapigo kwa dakika moja. Huenda yakawa kati ya 60 na 100. Sasa kimbia kuzunguka uwanja, kisha hesabu tena. Mapigo yameongezeka, nawe unahema. Misuli ya miguu imehitaji oksijeni zaidi. Mapafu huipata kutoka hewani, na moyo huisukuma pamoja na damu.

Kwa watoto wengi jambo hili halina hatari. Lakini wako wachache ambao ukuta wa moyo wao ni mnene kupita kiasi. Mtu wa namna hiyo huweza kuonekana mzima, tena akashinda mbio. Tarehe 26 Juni 2003, Marc-Vivien Foé, mchezaji wa timu ya taifa ya Kameruni, alianguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 28. Madaktari walipouchunguza mwili wake, waliikuta kasoro hiyo.

Ndiyo sababu vijana wa michezo hupimwa. Nchini Italia sheria imeagiza hivyo tangu mwaka 1982.

Kwanza daktari huuliza maswali. Je, umewahi kuzirai wakati wa kukimbia? Je, kifua huuma? Je, yuko ndugu yako aliyekufa ghafla angali kijana? Usimfiche kwa kuogopa kuachwa katika timu, maana hakuna chombo kiwezacho kumweleza mambo hayo. Ukizirai mchezoni, mwambie mwalimu siku hiyo hiyo, kabla ya kukimbia tena.

Kisha daktari husikiliza kifua. Pengine hubandika nyaya kifuani, na mashine huchora mistari juu ya karatasi. Usiogope: umeme unaopimwa ni ule mdogo sana utokao moyoni mwako mwenyewe.

Ili kupima mapafu, utaambiwa uvute pumzi ndefu na kupuliza kwa nguvu ndani ya bomba. Mwenye pumu hupuliza kwa shida wakati njia zake za hewa zimebana. Hata hivyo, pumu haimkatazi mtoto kucheza. Akitumia dawa kama alivyoelekezwa, huweza kukimbia pamoja na wenzake, dawa hiyo ikiwa karibu naye uwanjani.