Mwenye kufundisha kuandika hujifunza naye

Watu wengi wanawaza ya kwamba aliyefika universite anajua kuandika. Sivyo. Kule Marekani, waalimu wa Harvard walilalamika sana juu ya maandiko ya vijana wao, na tangu mwaka 1885 wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa na somo la kuandika.

Universite ya Cornell ilishika njia nyingine mwaka 1966: kijana anajifunza kuandika ndani ya somo lenyewe, kama vile historia, katika kikundi kidogo. Waalimu wengi wa vikundi hivyo ni wanafunzi wa udoktori. Wao wanafundishwa namna ya kufundisha, wanapewa posho, na karo yao inalipwa.

Tuulize basi: kazi hii inawafaa wao wenyewe? Kusahihisha makaratasi kunakula siku, na tesi inangoja. Lakini anayemwuliza kijana: «Unataka kusema nini hasa?» atajiuliza vilevile mbele ya tesi yake. Ndiyo faida yake. Ila tunasema: wakubwa wasimtwike vikundi vingi. Aliyechoka hasomi vema kazi ya mwenzake, wala hamalizi yake.